Mlima una jua la kulia, herufi zina jua la kushoto: kisa cha beveli kwenye nembo, Moshi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya madizaina wanaoanza kazi na wenye karakana za matangazo. Majina ya watu na ya biashara yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya kumtambulisha mteja yamebadilishwa. Mwandishi aliitwa na mwenye karakana kama mshauri baada ya mzigo kurudishwa mara ya pili.

## Usuli

Karakana yenyewe iko Moshi mjini, ya aina ile inayofanya kila kitu: stika za magari, mabango, kadi za mwaliko, fulana. Ina printa ya vinili, plota ya kukatia stika na kompyuta mbili. Kazi za kudarizi hupelekwa kwa fundi mwingine mtaa wa pili. Dizaina ni binti aliyejifunzia Photoshop hapo hapo kazini. Ana mkono mwepesi na jicho zuri, na watu humfuata kwa sababu anajua kuzipa herufi mng'aro wa dhahabu.

Mteja ni mzee aliyeongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi, kisha akafungua kampuni yake ndogo ya kupandisha wageni. Alitaka nembo moja: mlima, jina la kampuni kwa herufi za dhahabu "zilizotokeza", na namba ya simu. Nembo hiyo ingekaa kwenye milango ya Land Cruiser mbili, kava la tairi la akiba linaloning'inia nyuma ya gari, sweta za wapagazi, kadi, picha ya WhatsApp, na kibao cha mbao getini.

Hapa ndipo tatizo lilipozaliwa, ingawa hakuna aliyeliona. Maneno "herufi zilizotokeza" yaliandikwa kwenye daftari la oda kama mtu anavyoandika "rangi nyekundu". Lakini rangi nyekundu hubaki nyekundu popote. Herufi iliyotokeza kwenye karatasi bapa haijatokeza kitu. Tumechora tu mahali ambapo mwanga ungepiga na mahali ambapo kivuli kingekaa, na jicho likakubali. Beveli, yaani ule ukingo uliochongwa mshazari kuzunguka umbo, ni dai kwamba jua liko upande fulani. Kwenye daftari hakuna aliyeandika jua liko wapi.

## Mambo yalivyokwenda

Rasimu ya kwanza ilitengenezwa kwenye faili la pikseli 1000 kwa 1000. Chini aliweka picha ya mlima iliyopigwa asubuhi kutoka Moshi, wakati Kibo, kilele kikuu, hakijafunikwa na mawingu. Juu yake akaweka jina kwa fonti nene ya njano, kisha akafungua Bevel & Emboss, athari ya Photoshop ya kutengeneza beveli: mtindo wa ndani, mbinu ya ukingo mkali kama uliochongwa kwa patasi, upana wa pikseli 12, mwanga kutoka juu kushoto. Akaituma kwa WhatsApp. Jibu la mzee lilikuja kwa sauti: "Safi sana binti, hiyo hiyo." Malipo ya awali yakatolewa.

Stika ya mlango ilitakiwa iwe na upana wa sentimita 60. Ukitandaza pikseli 1000 kwenye sentimita 60 unapata kama pikseli 42 kwa kila inchi, na matokeo yake yalikuwa ukungu mtupu. Mwenye karakana akaikataa kabla haijatoka mlangoni, na akafanya vizuri. Dizaina akafungua faili jipya la pikseli 150 kwa inchi, upana wa pikseli 3543, akahamishia leya zake (tabaka za mchoro) humo, akaivuta herufi kwa kona mpaka ikajaa. Herufi ikakua. Beveli haikukua. Ukingo wa pikseli 12 ulibaki pikseli 12, na kwenye mlango wa gari hizo ni milimita 2 tu, wakati kwa uwiano wa rasimu ile aliyoipenda mzee zilipaswa kuwa zaidi ya milimita 7. Ukisimama hatua chache kutoka kwenye gari, dhahabu yote imekuwa njano bapa yenye mstari mchafu pembeni. Mzigo ukarudi.

Kurudi kwa pili kulisababishwa na kava la tairi, na ndiko kulikofungua kisa chote. Jina na namba ya simu vilitakiwa vizunguke duara zima. Kwa haraka, dizaina aligeuza kila herufi iliyokwisha kupata beveli kuwa picha, akaihamishia kwenye programu nyingine, na kuzizungusha moja moja hadi duara likafungana. Mzee alipokuja kuchukua, alisimama mbele ya kava bila kusema kitu kwa muda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Hizi za juu zimetoka nje, sawa. Hizi za chini mbona zimebonyea?"

Dizaina alishangaa kweli, maana herufi zote zilitoka kwenye leya moja, kwa mpangilio mmoja. Lakini mzee alikuwa sahihi. Namba ya simu iliyokuwa chini ya duara ilionekana kama imepigwa nyundo kuingia ndani ya kava.

## Tulichokiona tulipokaa na faili

Herufi ya chini ya duara ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Ilipogeuzwa ikiwa tayari picha, ilikwenda na mwanga wake: ukingo mweupe uliokuwa juu ukawa chini, na kivuli kikapanda juu. Jicho likiona kitu kina mwanga chini na giza juu, halisemi "taa imewekwa chini". Linasema "hiki ni shimo". Mwaka 1988 mtafiti V. S. Ramachandran alichapisha majaribio yanayoonyesha jambo hili: ubongo unaposoma umbo kutokana na kivuli, hudhani kuna chanzo kimoja tu cha mwanga, na kwamba kiko juu. Picha ile ile ya vimwinuko ukiigeuza chini juu, vimwinuko vinakuwa vishimo. Ndiyo maana vitufe vya Windows 95 vilionekana vimeinuka vikiwa na weupe juu na kushoto, na ukivibonyeza rangi zilibadilishana nafasi tu, vikaonekana vimezama.

Kama beveli ingeachwa hai kwenye leya, huku kisanduku cha Use Global Light (mwanga mmoja kwa faili zima) kikiwa na alama, herufi zingezungushwa na mwanga ungebaki palepale. Kuigeuza kuwa picha mapema ndiko kulikougandisha mwanga kwenye kila herufi.

Nikamwomba dizaina afungue stika ya mlango. Kulikuwa na kitu kimoja hakuna aliyekitaja, ila nadhani ndicho kilichofanya nembo nzima ionekane ya kubandika. Picha ilipigwa asubuhi kutoka mjini, yaani mpigapicha alitazama kaskazini na jua liko mashariki, mkono wake wa kulia. Miteremko yote ya kulia ya Kibo ilikuwa na mwanga, ya kushoto ilikuwa na kivuli. Herufi zilizosimama mbele yake zilikuwa na mwanga kushoto. Jua mbili kwenye mlango mmoja.

Dizaina akapendekeza njia ya mkato ambayo wengi tungeipendekeza: ugeuze mlima kama kwenye kioo, mwanga uhamie kushoto, kazi iishe. Mzee alicheka. "Mwanangu, Mawenzi, kile kilele kingine, iko kulia. Ukiihamishia kushoto umenipeleka Kenya. Mtoto yeyote wa Moshi ataniuliza mlima huo niliuona nimesimama wapi."

Hakuna programu ingetuambia hilo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mzee mwenyewe: jua ni la asubuhi, linatoka kulia juu. Dizaina hakupenda, kwa sababu jicho lake limezoea mwanga wa kushoto na programu nyingi huanza na mwanga wa kushoto. Hoja yake si ya kupuuzwa. Lakini kinachotunza umbo lisigeuke shimo ni mwanga kuwa juu. Kulia au kushoto ni hiari, mradi kila kitu kikubaliane. Mlima hauwezi kuhama, basi herufi zifuate mlima.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuachana na athari ya programu kwa kazi zote za kuchapwa, na kuchora miteremko ya ukingo kwa mkono kama maumbo ya vekta, yaani yanayohifadhiwa kama mistari badala ya pikseli. Tulipima njia tatu. Kubaki Photoshop na faili kubwa kungetosha kwa mlango, lakini plota hukata kwa kufuata njia za vekta, na fundi wa kudarizi naye anataka maumbo. Picha ya mwanga na kivuli haiwasaidii. Vichujio vya beveli vya Inkscape, programu ya kuchorea vekta, vinaonekana vizuri kwenye skrini, ila ukihifadhi kama PDF hugeuzwa kuwa picha kwa ubora uliouchagua, na tunarudi kulekule. Kuchora kwa mkono ni polepole, lakini umbo linabaki umbo: ukilikuza mara kumi, ukingo wake unakua mara kumi.

Uamuzi wa tatu ulileta ubishi zaidi: kava la tairi lisiwe na beveli kabisa. Kava ni duara na halina juu. Siku tairi inashushwa kwa pancha na kurudishwa, dereva atalivalisha kava vyovyote litakavyokaa, na nembo iliyotokeza leo itabonyea kesho. Mwenye karakana alihofia mzee ataona amepunjwa. Mzee alipoelezwa alikubali kwa neno moja, maana madereva wake anawajua.

## Kuchonga herufi upya

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo maswali mengi hutokea.

Chukua L. Geuza maandishi kuwa njia, nakili, kisha nakala uipunguze kuelekea ndani kwa kipimo kimoja pande zote. Inkscape ina amri ya kazi hiyo. Kipimo kiwe chini ya nusu ya unene wa mguu wa herufi. Ukifika nusu kamili, uso wa katikati unapotea na miteremko inakutana kwenye mgongo mmoja mkali, mtindo ambao ni mzuri kwa herufi nene, lakini uwe umeuchagua, usikutokee tu. Sasa kila kona ya nje iunge na kona ya ndani inayolingana nayo. Kwenye kona ya nyuzi 90 mstari huo unakwenda kwa nyuzi 45, na ukikosa hapo jicho linalalamika mara moja hata kama mtu hajui kwa nini. Gawa umbo kwa mistari hiyo. L inakupa miteremko sita na uso mmoja wa katikati.

Kupaka rangi ni kujiuliza swali lilelile kwa kila mteremko: unatazama wapi? Jua likiwa kulia juu, mteremko unaotazama juu na ule unaotazama kulia ni mwangavu. Unaotazama chini na unaotazama kushoto ni wa giza. Herufi zenye mistari ya mshazari, kama K na A, zina miteremko inayolitazama jua moja kwa moja, na hiyo ndiyo mwangavu kupita yote. Inayolipa jua kisogo ndiyo ya giza kabisa. Na inayokaa ubavu kwa jua hupata rangi ya kati. Rangi tano zinatosha kwa herufi zote zilizonyooka.

O na S zilichelewesha kazi. Kwenye mkunjo mwelekeo unabadilika kidogo kidogo, hivyo rangi moja haitoshi. Dizaina alikata mzunguko wa O kuwa vipande vyembamba na kukipa kila kimoja rangi yake. Alichoka, na alisema hivyo kwa sauti. Lakini kumbuka kwamba ukingo wa ndani wa O hutazama kinyume cha ule wa nje: kulia kwa herufi, mteremko wa nje unalitazama jua na wa tundu unalipa kisogo. Wengi hupaka yote sawa, na O yao inakuwa mpira uliopasuka pancha.

Jambo la kivuli cha dhahabu nalo. Mpangilio wa kawaida wa Photoshop hutumia nyeusi kwa kivuli. Nyeusi juu ya njano kwenye printa huzaa kijani cha matope, na ndicho kilichokuwa kwenye ule "mstari mchafu" wa mlangoni. Tulishusha dhahabu kupitia kahawia: kwa mteremko wa giza kabisa tulipanda na majenta badala ya kutegemea nyeusi peke yake, tukafika, kwa asilimia za wino, sayani 30, majenta 60, njano 100, nyeusi 50. Mwanga nao haukuwa mweupe, ulikuwa njano ya siagi.

Tatizo dogo la mwisho: vipande vilivyokaa ubavu kwa ubavu vilionyesha nyufa nyembamba nyeupe kwenye skrini. Tiba yake ni kuweka herufi nzima ya rangi ya kati chini ya vipande vyote, na kuvitanua kidogo vipande vya giza viingie chini ya jirani zake.

## Matokeo

Stika za milango zilitoka vizuri kuliko tulivyotarajia. Herufi na mlima vilikaa kwenye asubuhi moja, na plota ilikata kwa kufuata mstari wa nje wa herufi bila kusumbua.

Kadi ilituangusha mwanzoni. Nembo iliposhushwa hadi sentimita mbili na nusu, miteremko ikawa nyembamba kuliko printa inavyoweza kuitenganisha, na herufi zikaonekana zimechafuka. Kwa kadi ikatengenezwa toleo la rangi mbili tu, mwanga na kivuli, na ukingo mpana zaidi. Nembo moja, mchoro mwingine. Ni kazi ya ziada ambayo haikuwa kwenye bei.

Sweta zilikwenda na herufi bapa za rangi moja. Mzee aliona zimepoa alipoonyeshwa kwenye kompyuta. Zilipofika, uzi wenyewe ulikuwa unang'aa: fundi alilaza nyuzi sambamba kukatiza mguu wa kila herufi, na mpagazi akigeuka mng'aro unahama naye. Hakuna aliyelalamika tena.

Kibao cha getini hakijakaa sawa hadi sasa. Seremala alichonga herufi zilizotokeza kwelikweli, kingo zake akazipunguza mshazari kwa patasi, na tukamzuia asipake kivuli cha rangi kwa sababu jua la kweli lingefanya kazi hiyo. Lakini geti linatazama kusini. Moshi iko kama nyuzi 3 na theluthi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia karibu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na kibao kinakaa kivulini. Mwezi Juni hakipigwi na jua siku nzima. Disemba herufi zinatokeza vizuri sana. Julai, ambapo wageni ni wengi, zimelala. Taa ndogo juu ya kibao imependekezwa, na mzee bado anafikiria gharama ya umeme.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kuuliza swali la jua kabla ya swali la programu. Likishajibiwa, mengine yalijipanga yenyewe: picha isigeuzwe, herufi zifuate upande gani, kava lisiwe na beveli. Na jibu alikuwa nalo mteja, siyo sisi. Karakana nyingi humwonyesha mteja kazi ikiwa imekwisha, kisha humshangaa akikataa.

Kuidhinisha kwa simu ndiko kulikogharimu kuliko yote. Skrini ya simu ina mwanga wake na ukubwa mmoja, hivyo beveli yoyote ya wastani hupendeza hapo. Mzee alisema "hiyo hiyo" kuhusu kitu ambacho hakikuwepo bado kwenye mlango wala kwenye sweta. Kipande kimoja cha vinili cha herufi moja, kwa ukubwa halisi, kikibandikwa mlangoni kwa nusu saa kingeonyesha ukingo wa milimita 2 kabla wino haujamwagika kwa nembo nzima.

Kwa upande wa dizaina, sioni uzembe. Alifanya kile programu inachomruhusu kufanya, na programu haimwambii mtu kwamba upana wa ukingo umehesabiwa kwa pikseli na hautakua herufi ikikuzwa, wala kwamba kuigeuza leya kuwa picha ni kuugandisha mwanga. Photoshop ina amri ya kukuza athari pamoja na kitu, lakini lazima ujue unaihitaji ndipo uitafute.

Kuhusu bei, karakana ilipoteza. Nembo ilitozwa kama kitu kimoja, na ikachorwa kwa matoleo manne. Mwenye karakana amebadilisha daftari la oda: sasa kuna mstari wa kuandika nembo itakaa wapi na wapi, kwa ukubwa gani, na mwingine wa mwanga unatoka upande gani. Kila sehemu ina bei yake. Wateja wawili walishauliza mstari wa mwanga ni wa nini, wakidhani ni taa za bango.

Dizaina bado anatumia Bevel & Emboss kwa matangazo ya WhatsApp na Instagram, na anasema wazi kwamba hatachonga O nyingine kwa mkono kwa ajili ya tangazo litakaloonekana saa 24. Nakubaliana naye. Picha ya WhatsApp ya kampuni ile ile ni rasimu yake ya kwanza. Alichobadilisha ni pembe ya mwanga tu, ikahamia kulia.